Rubani wa Miss Kenya na ndege zake mbili

Hapa kwetu Mwambao mtu akitaja vyombo vya zamani, mara moja fikra zetu huenda kwenye majahazi na mashua. Ni haki yetu, maana bahari ndiyo iliyotulea. Lakini mimi tangu utotoni nina maradhi mengine. Wenzangu wakitoka chuoni walikuwa wakikimbilia pwani kuogelea, na mimi nikishika njia ya Makupa kwenda mpaka kwenye uzio wa uwanja wa Port Reitz kutazama ndege zikitua. Nilichapwa mara nyingi kwa kuchelewa nyumbani, wala sikupona. Hata sasa ndege ikipita juu ya nyumba huacha kahawa yangu ikapoa.

Katika maradhi hayo nimekutana na habari za watu wengi waliokwisha tangulia, na mmoja wao ndiye ninayetaka kumsimulia leo. Jina lake ni Tom Campbell Black. Katika miaka ya 1930 hapakuwa na gazeti kubwa la Uingereza ambalo halikumwandika, na hapa Kenya alijulikana na kila aliyewahi kuona eropleni. Alifariki mwaka 1936. Ameacha jambo ambalo marubani wachache sana wa zama zake wameliacha: ndege mbili alizozirusha kwa mikono yake zimehifadhiwa mpaka leo, pahali pamoja, katika hali ya kuweza kuruka. Moja kati ya hizo mbili iliingia Afrika kwa bandari yetu ya Mombasa.

Bwana huyu alizaliwa Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza, mwezi wa Desemba 1899. Baba yake alipata kuwa meya wa mji huo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia Tom alijifunza urubani wa kijeshi akiwa bado kijana mdogo, na vita vilipokwisha akaja Kenya kulima, kama walivyofanya askari wengi wa Kizungu wa wakati ule. Sitaki msomaji adhani kuwa nakuja hapa kumpamba. Alikuwa mlowezi, na zama zile mwenyeji wa nchi hii alikuwa akisukumwa pembeni katika ardhi yake mwenyewe. Viwanja vya ndege alivyotua vilifyekwa na watu ambao hakuna aliyeandika majina yao. Hayo tuyaweke mbele ya macho yetu, kisha tuendelee na habari ya ndege.

Mwaka 1924 kampuni ya de Havilland ya Uingereza iliunda ndege za aina iliyoitwa DH.51. Ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, mabawa mawili juu na chini, ya kuchukua watu watatu. Hapo mwanzo waundaji walikusudia kutumia injini zilizobaki vitani, ambazo zilikuwa rahisi kupita kiasi. Kasoro yake ni kwamba injini ile ilikuwa na mfumo mmoja tu wa kutoa cheche, na wakubwa wa serikali wakasita kuipa cheti bila majaribio marefu. Basi ikatiwa injini nyingine yenye nguvu ya farasi 120, nayo bei ikapanda, na wanunuzi wakakimbia. Ziliundwa tatu tu. Ile ya tatu ilinunuliwa na mlowezi mmoja wa Kenya aliyeitwa John Carberry, ikatiwa katika meli ikaletwa Mombasa.

Kila nikifika hapo husimama kidogo. Ndege ile ilishuka hapa. Hapana shaka ni hamali wa bandari yetu walioibeba, na pengine walidhani wamebeba makasha ya mashine ya kusaga. Iliruka kwa mara ya kwanza katika anga ya Kenya mwezi wa Aprili 1926. Mwaka 1928 Carberry akaiuza kwa watu watatu walioshirikiana, na mmoja wao ndiye Tom Campbell Black. Wakaipa jina la Miss Kenya. Katika daftari la ndege za nchi hii ikawa ndiyo ya kwanza kabisa kuandikishwa, na baadaye kidogo ikabeba alama za VP-KAA.

Mwaka uliofuata, 1929, mama mmoja mjane aliyeitwa Florence Wilson alitoa fedha zake kuanzisha kampuni ya ndege Nairobi. Aliyemtia moyo, akamwendeshea kampuni na kuwa rubani wake mkuu, ni Campbell Black. Ilianza na ndege moja ndogo ya Gipsy Moth. Katika miaka michache Wilson Airways ikawa ikichukua barua na abiria kuja Mombasa, kwenda Tanga, Unguja na Dar es Salaam, safari ambazo kwa jahazi zilitegemea kaskazi na kusi. Vita vya pili ndivyo vilivyoimaliza kampuni hiyo, lakini jina la mama huyo bado liko kwenye uwanja wa Wilson pale Nairobi.

Wakati ule rubani hakuwa na redio ya kumwongoza. Alifuata reli, mito na milima, na petroli ikimwishia alitua popote palipokuwa tambarare na kumwomba Mungu. Mwaka 1931 Mjerumani mmoja maarufu, Ernst Udet, aliyekuwa bingwa wa vita vya angani, alianguka porini Sudan akitokea Afrika Mashariki, akakaa na fundi wake bila chakula. Campbell Black alikuwa akipita njia hiyo kwenda Uingereza. Aliwaona, akashuka na kuwaokoa. Miaka kumi na michache kabla ya hapo nchi za watu hawa wawili zilikuwa zikiuana. Mimi nampenda zaidi kwa siku hiyo moja kuliko kwa vikombe vyote alivyopata baadaye.

Ni yeye pia aliyemfundisha Beryl Markham kurusha ndege. Mwezi wa Mei 1931 Denys Finch Hatton, mwindaji aliyekuwa na nyumba yake Takaungu, alikuwa anakwenda Voi kutafuta ndovu kutoka angani, na Beryl alitaka kufuatana naye. Bibi huyo ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 1942 kwamba Tom ndiye aliyemwomba asiende. Tarehe 14 Mei ndege ya Finch Hatton ilianguka na kuwaka moto mara tu baada ya kuondoka Voi. Alikufa yeye na mtumishi wake Kamau. Vitabu vingi vinamtaja Kamau kwa jina hilo moja tu, kana kwamba hakuwa na baba wala ukoo. Ndege ile nayo ilikwisha palepale.

Mwaka 1932 Campbell Black aliondoka Kenya akawa rubani wa tajiri mmoja wa Uingereza. Miaka miwili baadaye ukaja mchezo mkubwa. Mji wa Melbourne, Australia, ulikuwa unatimiza miaka mia, na tajiri mmoja wa kule aliyefanya biashara ya chokoleti akatoa zawadi ya paundi 10,000 na kikombe cha dhahabu kwa atakayefika mbele kutoka Uingereza. Kampuni ya de Havilland ikaunda ndege tatu mahsusi kwa mashindano hayo, zikaitwa Comet, kila moja kwa paundi 5,000. Zilikuwa za mbao vilevile kama Miss Kenya, lakini usizifananishe. Bawa lilikuwa moja jembamba kila upande, injini mbili, na magurudumu yaliingizwa ndani baada ya kuruka. Pua yote ilijaa petroli, na marubani walikaa nyuma kabisa, mmoja mgongoni kwa mwenziwe. Comet nyekundu yenye alama za G-ACSS ilinunuliwa na mkubwa wa hoteli ya Grosvenor House ya London, akaipa jina la hoteli yake, na akawapa Charles Scott na Campbell Black waiendeshe.

Ndege 20 ziliondoka alfajiri ya Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 1934. Ilikuwa lazima kutua Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin na Charleville. Safari nzima ilikuwa zaidi ya maili 11,000. Mabwana hawa wawili walipokezana usukani usiku na mchana. Walipokuwa wakivuka bahari kuelekea Darwin injini moja ikawaharibikia, wakafika nchi kavu kwa injini iliyobaki. Ikatengenezwa kwa haraka, wakaendelea. Walifika Melbourne baada ya saa 70 na dakika 54, hata siku tatu hazikutimia. Wakati ule meli ya barua ilichukua zaidi ya mwezi.

Waliowafuata walikuwa Waholanzi wa KLM na ndege ya abiria iliyoitwa Uiver. Hiyo, masikini, ilianguka katika jangwa la upande wa Iraq mwezi wa Desemba mwaka huohuo, wakafa wote waliokuwamo. Leo Uholanzi wanayo ndege ya aina ileile iliyopakwa rangi za Uiver. Wapenda ndege hubishana sana juu ya mambo kama haya. Mimi sioni haramu yoyote, mradi kibao kilicho mbele yake kimweleze mtazamaji kwamba hii siyo ile. Kinachonikera ni jumba la makumbusho linalomwacha mtoto aondoke akidhani amegusa kitu ambacho hakugusa.

Baada ya ushindi mambo hayakumnyookea sana. Mwaka 1935 alimwoa mchezaji maarufu wa michezo ya kuigiza, Florence Desmond. Mwaka huohuo alijaribu na mwenziwe kuvunja rekodi ya kwenda Cape Town kwa Comet nyingine, wakafika Cairo upesi sana, lakini juu ya Sudan ndege ikaharibika wakaruka kwa miavuli. Mwaka 1936 akawa na kundi la maonyesho ya ndege likizunguka katika miji ya Uingereza, watu wakilipa kiingilio kutazama marubani wakipinduka angani. Tarehe 19 Septemba alikuwa Liverpool, katika uwanja wa Speke, na ndege ndogo mpya aliyokusudia kuiendesha katika mashindano ya kwenda Johannesburg. Alikuwa bado yuko chini, akitembeza ndege polepole kwenye majani. Ndege ya jeshi iliyokuwa ikitua ikamgonga, na rafadha yake ikamfikia pale alipokaa. Mtu aliyevuka majangwa na bahari alifia kwenye uwanja wa ndege, magurudumu yake yakiwa ardhini. Alikuwa na umri wa miaka 36. Wiki mbili tu kabla yake mwanafunzi wake Beryl alikuwa amevuka bahari ya Atlantiki peke yake.

Sasa turudi kwenye zile ndege. Comet nyekundu baada ya mashindano ilichukuliwa na serikali kufanyiwa majaribio, ikavunjika, ikauzwa kama chuma chakavu. Watu wengine wakaifufua. Mwaka 1937 ikaenda Cape Town na kurudi, na mwaka 1938 ikafika New Zealand. Vita vilipozuka ikaachwa nje chini ya turubai. Mwaka 1951 ikasafishwa kwa ajili ya maonyesho ya taifa London, na mwaka 1965 ikapelekwa Old Warden, shamba moja katika jimbo la Bedfordshire, penye mkusanyiko wa ndege ulioanzishwa na kijana tajiri Richard Shuttleworth. Kijana huyo alikufa katika ajali ya ndege ya kijeshi mwaka 1940, na mama yake akaufanya mkusanyiko ule wakfu kwa jina la mwanawe. Comet iliruka tena mwaka 1987.

Na Miss Kenya? Ilibaki hapa nchini ikipita mkono hadi mkono, mpaka mwaka 1965 ikaingizwa katika tumbo la ndege kubwa ya jeshi la Uingereza ikapelekwa Old Warden hukohuko. Mafundi wa kiwanda kilichoirithi de Havilland wakaitengeneza, na katika miaka ya 1970 ikaruka. Kati ya ndege zote za de Havilland ulimwenguni zinazoruka, hiyo ndiyo kongwe. Mwenzake wawili hawapo.

Miaka michache iliyopita nilikwenda kumtazama mpwa wangu anayeishi Luton, akanichukua kwenda huko, maana si mbali. Ilikuwa siku ya maonyesho. Hawakubali kuzitoa hizi kongwe mpaka upepo ulale, kwa hiyo tulingoja, tukasali alasiri nyuma ya gari, tukala sambusa tulizofungiwa nyumbani. Jua lilipokaribia kuzama wakaisukuma Miss Kenya kwa mikono. Iliponguruma nilisikia harufu ya mafuta ya moto, nikaona kitambaa cha bawa kikitetemeka kama tanga linaloanza kupata upepo. Ikaondoka kwenye majani bila haraka. Mpwa wangu aliniuliza kwa nini nalia, nami nikamwambia ni moshi.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nikisema kwa sauti kubwa barazani kwamba ndege ile ni yetu na irudishwe. Jina lake ni Kenya, daftari letu ndilo lililoianza, ilikaa hapa karibu miaka 40. Hoja hizo sijazifuta. Lakini kule nilimwona fundi amekaa chini ya bawa na taa, akikagua mshono baada ya mshono, na nikajiuliza kwetu angekaa wapi fundi huyo na angelipwa na nani. Mbao na kitambaa katika hewa yetu ya chumvi havidumu bila mtu wa kuvishughulikia kila siku, na huko bara kuna mchwa. Kama Miss Kenya ingeachwa katika banda moja mwaka 1965, sidhani kama leo tungekuwa na hata rafadha yake.

Tuna mfano wetu wenyewe, tena wa kuumiza. Mtepe wa visiwa vya Lamu ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, ukatembea bahari hii kwa karne nyingi. Mitepe ya mwisho ilitoweka katika miaka ileile Campbell Black alipokuwa akiruka. Hakuna aliyevuta hata mmoja pwani akauezekea makuti. Leo mtoto wa Lamu anauona kwa umbo dogo la kuchonga ndani ya kioo, na Unguja ilibidi wautengeneze upya kwa kukisia.

Wako wasemao ndege kongwe isiruke, iwekwe ndani tu, kwa sababu ikianguka imekwenda milele, na maonyesho huua. Hawasemi uongo. Mwaka 2015 huko Shoreham, karibu na Brighton alikozaliwa Campbell Black, ndege ya zamani ya kivita ilianguka barabarani na kuua watu 11 waliokuwa wakipita na shughuli zao. Mbele ya jambo kama hilo mapenzi yangu hayana uzito wowote, na nakubali kwamba michezo ya kupinduka juu ya nyumba za watu ni upuuzi. Lakini kuzunguka polepole juu ya shamba tupu ni jambo jingine. Na wanaosema kuwa ndege ikibadilishwa kitambaa na mbao si ileile, nawakaribisha Lamu. Jahazi hubadilishwa ubao huu mwaka huu na ule mwaka ujao, mpaka nahodha hajui upi ulikuwa wa babu yake, na hakuna hata mtu mmoja anayemwambia kwamba anasafiri kwa chombo kigeni.

Wala si Miss Kenya peke yake. Wazee wengi mtaikumbuka VC10 ya East African Airways, ile iliyokuwa ikitutoa hapa kwenda Ulaya. Ile ya mwisho kuundwa katika aina yake ilikuwa ya kampuni hiyo yetu ya nchi tatu, iliyovunjika mwaka 1977. Jeshi la Uingereza likaigeuza tangi la petroli la angani, likaitumia mpaka mwaka 2013, kisha ikachukuliwa na jumba la makumbusho la Brooklands, Uingereza. Kwa hiyo ndege yetu ya kwanza iko kwao, na fahari yetu ya miaka ya 1970 iko kwao, na zote mbili zina kibao na mtu wa kuzifuta vumbi.

Sisi Ngome ya Yesu tumeweza kuitunza tangu ilipofanywa makumbusho mwaka 1962, kwa hivyo kazi yenyewe haitushindi. Mimi ningeridhika na chumba kimoja: picha, ramani ya safari za Wilson Airways za pwani, umbo dogo la VP-KAA, na habari za hamali na wafyekaji viwanja kadiri zitakavyopatikana. Kwa ajili hiyo nawaomba wasomaji mfungue masanduku ya marehemu wazee wenu. Picha nyingi za Mombasa ya miaka ya 1920 na 1930 bado zimo ndani ya kasha la sandali, chini ya kanzu. Ukiiona ndege ya mabawa mawili yenye herufi VP ubavuni na watu wamesimama kando yake, usiwape watoto waichezee. Geuza nyuma utazame kama pameandikwa majina.